UZI: Bakteria wa saileji kwenye majani ya tembo, lini wanalipa na lini unatupa hela

Majani Mabichi (mleta uzi):

Wakuu habari za muda huu. Msimu huu kwenye magrupu ya wafugaji kila nikifungua simu nakutana na tangazo la "dawa ya saileji" (saileji ni majani yaliyokatwa na kufungiwa bila hewa yachachuke, yawe akiba ya chakula cha ng'ombe), pakiti ndogo ya unga, unakoroga na maji unapulizia kwenye majani, na maneno yake ni makubwa, eti hata majani yakiwa yamekomaa na kuchoka hiyo dawa inayanyanyua. Upande wa pili kuna wanaosema ni utapeli mtupu. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa huku Muheza, majani ya tembo (mabingobingo kwa watu wa Kilimanjaro, nepia kwa majirani zetu wa Kenya) ndo chakula kikuu bandani, na hili jambo nimelifuatilia sana kwa kusoma na kwa vitendo. Nafungua uzi tuelewane maana hela ya mfugaji inatoka kwa jasho.

Kwanza kilichomo kwenye pakiti sio dawa. Ni bakteria hai waliokaushwa, wale wanaotengeneza asidi ya laktiki, ukoo mmoja na hao wanaogandisha maziwa. Soma lebo utakuta majina kama Lactobacillus plantarum, Pediococcus, Enterococcus faecium au Lactobacillus buchneri. Siku hizi baadhi ya lebo zimebadili, plantarum anaandikwa Lactiplantibacillus na buchneri anaandikwa Lentilactobacillus, ila ni walewale usichanganyikiwe. Wataalamu wanaita inokulanti. Kazi yao ni kula sukari iliyomo kwenye majani na kutoa asidi, pH (kipimo cha uchachu, ikishuka ndo uchachu unazidi) inashuka mpaka kwenye 4.2 au chini yake, na ikifika hapo bakteria waharibifu wanashindwa kuzaliana. Nailoni inazuia hewa tu, anayetunza majani kwa miezi ni asidi. Kuna Mfini anaitwa Virtanen alipata Nobel ya kemia mwaka 1945, na kazi iliyompa jina ni hii hii ya kuhifadhi majani ya ng'ombe kwa asidi, yeye alikuwa anamwagia asidi kali moja kwa moja juu ya majani. Sisi tunawaacha bakteria waitengeneze humohumo ndani.

Sasa mtego uko hapa. Bakteria wanakula sukari, na majani ya tembo yana sukari kidogo. Majani ya nchi za baridi kama ryegrass yanaweka akiba ya fruktani, ambayo inavunjika kirahisi ikawa sukari ya kuchacha. Majani ya nchi za joto akiba yao ni wanga, na wengi wa hawa bakteria wanga hawauwezi. Kwahiyo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mkulima wa Uholanzi au Ireland ukiyabeba kama yalivyo ukayaleta Muheza au Rungwe hayakai. Ukimwaga bakteria mabilioni kwenye majani yasiyo na sukari umealika wageni na jikoni hakuna kitu.

La pili ni maji. Majani ya tembo ya wiki 6 mpaka 8, ambayo ndo umri mzuri maana protini bado ipo, yana ukavu wa asilimia 15 mpaka 20 tu, yote yaliyobaki ni maji. Saileji inataka ukavu wa angalau 28, na 30 mpaka 35 ndo penyewe. Piga hesabu hii: umekata kilo 100 zenye ukavu wa 18, ili ufike 28 lazima zibaki kilo 64, yaani kilo 36 za maji ziondoke kabla hujaweka kitu kwenye shimo. Mtu anakata asubuhi, saa nne anakatakata kwenye mashine, saa sita anashindilia, alafu analaumu pakiti.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu na nitautetea hapa mpaka mwisho. Kwa majani ya tembo hela ya kwanza iende kwenye kunyausha, kukata fupi, kushindilia na nailoni nzuri, hela ya pili iende kwenye molasi (ule uji mzito wa sukari unaobaki kiwandani miwa ikishatengenezwa sukari), na hela ya tatu ndo iende kwenye bakteria. Ukifuata huo mpangilio bakteria wanafanya kazi nzuri kweli na nawapenda. Ukiugeuza umenunua unga tu.

Mama Ndama:

Asante sana kwa madini kaka. Umenigusa. Mimi nimefungua shimo wiki iliyopita, majani ya tembo matupu, nikaweka hiyo dawa kama nilivyoelekezwa dukani. Rangi imekuwa kijani iliyokolea karibu na weusi, inateleza ukishika, na harufu jamani ni kama siagi iliyooza, ukishika mkono unanuka mpaka jioni hata uoshe na sabuni. Ng'ombe wananusa wanageuka. Je dawa ilikuwa feki?

Majani Mabichi:

Pole sana dada. Hiyo harufu ya siagi iliyooza ni asidi ya butiriki, inatoka kwa bakteria wanaoitwa klostridia, hawa wanaishi kwenye udongo na wanapenda mahali pa maji mengi pasipo na hewa ambapo pH imechelewa kushuka. Wanakula sukari, wakimaliza wanaingia kwenye ile asidi ya laktiki yenyewe waliyotengeneza wenzao, pH inapanda tena, alafu wanashambulia protini inageuka amonia. Ndo maana inateleza na inanuka vile.

Sijui pakiti yako ilikaaje huko dukani ila hata ingekuwa nzima kabisa, kwa majani mabichi yasiyo na molasi wangeshindwa. Uliyoyaona ni dalili za maji mengi.

Siku nyingine kabla hujashindilia fanya kipimo cha mkono. Chukua majani yaliyokatwa, bana kwa nguvu kwenye ngumi kama nusu dakika alafu achia. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ukavu uko chini ya 25, rudisha juani. Yakibaki donge lakini mkono hautoi maji, uko 25 mpaka 30, unakaribia. Donge likifunguka taratibu lenyewe, hapo ndo penyewe, anza kazi. Donge likifunguka ghafla na majani yanarudi kama spring yamekauka mno, hayatashindiliwa vizuri, hewa itabaki.

Na hiyo iliyonuka usiwalazimishe ng'ombe, hasa waliozaa karibuni, asidi ya butiriki nyingi inawaingiza kirahisi kwenye ketosisi, ugonjwa wa kuishiwa nguvu mwilini baada ya kuzaa. Angalia kama katikati kuna sehemu nzuri, ile inayoteleza toa peleka kwenye mbolea.

Kijana wa Uyole:

Mkuu mimi napingana kidogo. Sisi huku nyanda za juu tunaweka saileji ya mahindi, tunakata punje zikiwa zimeanza kuwa ngumu, tunashindilia kwa trekta, tunafunika, basi. Bakteria hatujui wala molasi hatujui na saileji inatoka na harufu nzuri ya uchachu wa matunda. Kwanini mnajipa gharama?

Majani Mabichi:

Hujapingana na mimi mkuu, umenisaidia. Mahindi yana sukari ya kutosha, ukavu wake kwenye hatua hiyo uko sawa, na hayazuii pH kushuka, kwahiyo bakteria wa asili walioko kwenye majani wanatosha. Mwaka 2017 kwenye jarida la Journal of Dairy Science ulitoka uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya hizi inokulanti za kushusha pH haraka. Walikuta kwenye majani, ya baridi na ya joto, pamoja na lusani na jamii ya kunde, zinasaidia kuokoa chakula kisipotee, ila kwenye mahindi, mtama na miwa hawakuona faida hiyo. Na kwenye maziwa wastani wa ongezeko ulikuwa kilo 0.37 kwa ng'ombe kwa siku. Hiyo ndo namba ya kushika kichwani mtu akikwambia ukipulizia hii pakiti utaongeza lita tano. Robo lita na kitu, kwa ng'ombe kumi wenye maziwa ni hela, kwa ng'ombe mmoja piga hesabu yako mwenyewe na bei ya pakiti.

Lakini ngoja nikuulize wewe wa mahindi: ukishafungua shimo, siku ya tatu ya nne ukiingiza mkono usoni pa saileji, kuna joto?

Kijana wa Uyole:

Joto lipo mkuu, mvuke kabisa asubuhi unauona, na ukungu mweupe pembeni. Nilidhani ni kawaida.

Majani Mabichi:

Hapo ndo bakteria wa aina ya pili wanaingia, na hapa watu wengi wanachanganya kwa sababu dukani zote zinaitwa jina moja.

Plantarum, Pediococcus na wenzao kazi yao ni mbio za mwanzo. Sukari moja inatoa asidi ya laktiki mbili, hakuna kinachopotea hewani, pH inashuka haraka kabla klostridia hawajaamka. Hao ni wa majani yetu, ya tembo, ya brachiaria, boma rhodes iliyonyaushwa kidogo.

Buchneri ni wa taratibu. Anachukua sehemu ya ile asidi ya laktiki anaigeuza kuwa asidi ya asetiki, yaani ile ya siki, na asidi ya siki ndo inayowabana hamira na ukungu. Ule mvuke unaouona asubuhi ni hamira wanakula asidi yako ya laktiki kwa sababu umewaletea hewa, kila joto unalolishika kwa mkono ni chakula kinaungua. Sasa buchneri anataka muda, siku 45 mpaka 60 ndo unaona kazi yake, ukifungua siku ya 21 hujapata ulichonunua. Na saileji iliyojaa plantarum peke yake wakati mwingine inachemka upesi zaidi ikifunguliwa, kwa sababu asidi ya laktiki ni nyingi na hiyo ndo chakula cha hamira, na ya siki ya kuwabana ni kidogo. Kwahiyo mahindi yako kama lazima ununue pakiti, tafuta yenye buchneri. Ila kabla ya hapo punguza upana wa uso wa shimo. Kwenye joto letu kata angalau sentimita 20 mpaka 30 kwa siku kwenye uso mzima, kata wima kama unakata mkate na usichimbe pango. Shimo likiwa pana na ng'ombe wachache hakuna bakteria atakayekuokoa.

Wa Limuru:

Habari zenu ndugu zetu wa Tanzania, nimesoma hii uzi yote imenibamba sana. Huku kwetu Kiambu watu wenye ng'ombe wawili watatu hatuchimbi shimo, tunatumia tyubu ya nailoni ile nzito, geji 1000, unafunga upande mmoja kwa kamba, unajaza nepia iliyokatwa vipande vya inchi moja, unakanyaga na miguu ukizunguka pembeni mpaka hewa itoke, unafunga. Na molasi tunapima lita moja ndani ya lita tatu za maji kwa gunia moja la kilo kama 70. Hiyo ndio tumefundishwa na maofisa tangu kitambo na inafanya. Swali langu, nikiweka molasi hivyo bado nahitaji hiyo bakteria kweli? Na panya nao, wakitoboa tyubu moja hiyo yote imeenda.

Majani Mabichi:

Karibu sana ndugu. Hicho kipimo chenu ni kizuri, lita moja ya molasi ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo kwa kilo 70 umeweka kama asilimia 2. Mimi kwa majani ya tembo naenda kwenye 3, yaani kwa tani moja kilo 30 ambazo ni kama lita 21 hivi, hasa masika ambapo kunyausha ni shida. Maji ya kuchanganyia weka machache tu ya kuifanya imwagike, maana wengine wanapambana kukausha majani alafu wanarudisha maji kwa ndoo. Sisi wa Tanga na Kilimanjaro molasi haiko mbali kwa sababu ya kiwanda cha sukari cha TPC pale Moshi, Morogoro wana viwanda vya Kilombero na Mtibwa, ukinunua pipa kwa kikundi inashuka bei sana kuliko kudunduliza dukani.

Swali lako, ukiwa na molasi asilimia 3 na ukavu wa 28 kwenda juu, tyubu ndogo ya kulisha ndani ya miezi miwili mitatu, nakwambia kwa moyo mweupe unaweza kuacha bakteria. Pale ninapowaona wanajilipa ni pale molasi ipo lakini majani yamenyeshewa baada ya kukatwa, au yamepata tope, au unahifadhi kwa miezi sita na zaidi. Hapo mbio za mwanzo zina maana kubwa, kila siku pH inapochelewa protini inaliwa, na protini ndo tunayoinunua kwa bei mbaya kwenye mashudu.

Panya: paka, na kuinua tyubu juu ya chanja. Ukikuta tundu ziba siku hiyohiyo na utepe mpana.

Mchunga Mbuzi:

Wakuu na sisi tusio na hela ya pakiti? Kuna jamaa alituambia tuweke mtindi, lita moja kwenye pipa la maji. Mwingine anasema urea. Naomba mwongozo.

Majani Mabichi:

Urea acha kabisa kwenye majani mabichi. Inageuka amonia, amonia inapandisha pH, unakuwa unasukuma gari kurudi ulikotoka. Urea ina kazi yake kwenye mabua makavu, huo ni uzi mwingine.

Mtindi haudhuru ila usitegemee mengi. Wale bakteria wa mtindi wa dukani wamezoea sukari ya maziwa na joto la maziwa, sukari za kwenye mimea nyingi hawazijui.

Kitu cha kujitengenezea kinachoeleweka ni maji ya majani yaliyochachushwa. Watafiti wa Japani walianzisha, na Thailand wakajaribu kwenye majani ya tembo haya haya na yakasaidia. Wazo ni kwamba bakteria wazuri tayari wapo juu ya majani yako ila ni wachache, kwahiyo unawakuza kwanza. Chukua gramu 200 za majani yaleyale utakayohifadhi, mabichi, safi yasiyo na udongo, yatwange kwenye kinu au yasage na lita moja ya maji yasiyo na klorini. Chuja kwa kitambaa safi. Weka sukari gramu 20, koroga, jaza chupa karibu na juu, funga kifuniko kisikaze sana gesi itoke, weka mahali pa joto la kawaida la pwani, kama nyuzi 30, siku mbili. Ikiwa sawa itanuka uchachu safi, kama togwa iliyokolea. Ikinuka uozo mwaga anza upya, usione hasara. Kiasi ni asilimia 1 ya uzito wa majani, yaani lita 10 kwa tani, unanyunyiza sawasawa wakati wa kujaza. Molasi inabaki palepale, hii haichukui nafasi yake.

Mama Ndama:

Kaka nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho kwangu, pakiti zinazouzwa huku zimeandikwa tani 50. Mimi sina tani 50 hata kwa miaka mitano. Duka linanipimia kwa kijiko kwenye kikaratasi. Ni sawa?

Majani Mabichi:

Hapana dada, hapo ndo wafugaji wadogo tunapoumia. Pakiti ikifunguliwa unyevu wa hewa unaingia, bakteria wanaamka, hawana chakula, wanakufa. Unga unabaki na rangi yake ileile, kwa macho huwezi kujua. Na pakiti iliyokaa kwenye rafu dirishani na jua la mchana nayo hesabu imekufa, muulize muuzaji kama anaiweka kwenye friji, kama hana friji usinunue.

Kwenye lebo angalia idadi ya bakteria hai, inaandikwa cfu. Kiwango kinachokubalika ni angalau 100,000 kwa kila gramu ya majani. Tani moja ina gramu milioni moja, kwahiyo tani inahitaji bakteria hai bilioni 100. Chukua jumla iliyoandikwa kwenye pakiti gawa kwa tani wanazodai inahudumia, ikitoka chini ya hapo wamekupunja kabla hata hujafungua.

Dawa ya tatizo la tani 50 ni kikundi. Mkubaliane kukata wiki moja, pakiti inafunguliwa mara moja, inakorogwa kwenye maji masafi ya kisima au ya mvua, kila mtu anachukua sehemu yake kwenye dumu anakwenda kupulizia siku hiyohiyo, isizidi kesho yake. Maji ya bomba la mjini yana klorini na klorini inawaua, kama huna mengine kinga usiku yakae wazi kwenye beseni pana mpaka asubuhi. Dumu likae kivulini, maji yakipata moto wa jua wanakufa pia. Bomba la kupulizia liwe jipya au la kazi hii tu, lile la kuua magugu usiliguse. Na usiwakoroge ndani ya molasi nzito, pulizia molasi kwanza kwenye tabaka, alafu bakteria, alafu shindilia, tabaka la sentimita 15 mpaka 20 kila moja.

Kijana wa Uyole:

Mkuu na ule ukungu mweupe pembeni mwa shimo, wafanyakazi wangu huwa wanachanganya na nzuri ili isipotee.

Majani Mabichi:

Wakataze leo mkuu. Ukungu mwingine unaacha sumu hata ukiuondoa wenyewe, na ile ya aflatoksini ng'ombe akiila sehemu inatokea kwenye maziwa, wanakunywa watoto. Toa ule ukungu pamoja na kiganja kizima cha saileji inayouzunguka, fukia mbali na banda, mbuzi na kuku wasifike. Pembeni panaharibika kwa sababu panashindiliwa kidogo kuliko katikati, trekta haligusi ukuta. Msimu ujao mtie mtu mmoja kazi ya kukanyaga kingo tu kwa miguu, na nailoni ishuke ndani ya kuta kabla ya kujaza alafu ndo ikunjwe juu.

Na wote mnaolisha saileji, lisheni baada ya kukamua, sio kabla wala wakati wa kukamua, maziwa yanavuta harufu na kituo cha kukusanyia wanaweza kuyakataa. Anza na kilo tano kwa siku, panda taratibu kwa wiki nzima mpaka tumbo lizoee. Mwenye picha ya saileji yake aweke hapa, uso wa shimo na kiganja kilichobanwa, tuangalie pamoja.